Shujaa, Mamlaka na Mauti: Uchague Ushairi au Riwaya ya Picha?

Msomaji anayetaka kufuatilia namna fasihi inavyomshughulikia shujaa, mtawala na kifo kinachowangoja wote wawili atajikuta mbele ya rafu mbili ambazo kwa kawaida haziwekwi pamoja. Rafu ya kwanza ni ya ushairi, wenye tenzi za mashujaa, maombolezo na tungo za kuwakumbusha wenye enzi kwamba hawatadumu. Ya pili ni ya riwaya za picha, yaani hadithi ndefu zinazosimuliwa kwa michoro na maneno ndani ya fremu, ambazo wengi bado wanazihesabu kuwa vibonzo vya watoto. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji, mwalimu au kiongozi wa kundi la kusoma kuamua aanzie wapi, na rai yangu naitanguliza ili nisimpotezee mtu wakati. Anayetaka kuyatazama mauti aende kwenye ushairi, na anayetaka kujua mamlaka yanavyofanya kazi na ni nani anayelipa gharama yake aende kwenye riwaya ya picha. Anayemtafuta shujaa hana budi kusoma vyote viwili, kwa kuwa kila upande una jambo la shujaa huyo usiloweza kulisema.

Ushairi wote na riwaya zote za picha havilinganishiki katika makala moja, kwa hiyo nimeshika kazi chache zinazojibizana. Kwa upande wa ushairi nimechukua soneti moja (shairi fupi la mistari 14) ya Kiingereza, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na Utendi wa Fumo Liyongo kama ulivyotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Kwa upande wa picha nimechukua Watchmen, pamoja na nyingine mbili nitakazozigusa kwa ufupi. Asiyependa kufichuliwa mwisho wa hadithi atahadhari, maana haiwezekani kueleza namna kazi hizi zinavyokishughulikia kifo bila kusema ni nani anayekufa.

Pande hizi mbili zinakutana ana kwa ana katika jina moja. Mnamo Januari 1818 gazeti la The Examiner la London lilichapisha soneti ya Percy Bysshe Shelley iitwayo "Ozymandias", jina ambalo Wayunani walimwita Ramesesi wa Pili, Farao aliyetawala Misri kwa takriban miaka 66 katika karne ya 13 kabla ya Kristo. Shelley aliitunga kwa kushindana na rafiki yake Horace Smith, ambaye soneti yake juu ya mada hiyohiyo ilitoka katika gazeti lilelile mwezi uliofuata. Miaka 168 baadaye, mwaka 1986, mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons, wote Waingereza, walianza kutoa Watchmen kupitia kampuni ya DC Comics ya Marekani, katika matoleo 12 yaliyokamilika mwaka 1987. Mmoja wa wahusika wake wakuu, tajiri Adrian Veidt, anayesifiwa kuwa mwerevu kuliko watu wote duniani, amejipa jina la Ozymandias, na sura ya 11, ambamo siri yake inafichuka, inafungwa kwa maneno ya Shelley.

Soneti ile ina mistari 14 tu, lakini ndani yake mna sauti zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Msimulizi hakuiona sanamu mwenyewe. Alihadithiwa na msafiri. Msafiri naye anaeleza uso wa jiwe uliovunjika na kuzama nusu mchangani, wenye kunja ya kipaji na dharau ya mtu aliyezoea kuamuru, kisha anasoma maneno ya mfalme yaliyochongwa chini ya miguu: wenye nguvu wazitazame kazi zake, wakate tamaa. Mstari unaofuata unasema hakuna kitu kingine kilichosalia. Shelley hahitaji kumtukana mfalme, kwa maana ameiacha amri yake pale pale ilipochongwa, na mchanga unaoizunguka unatosha kuijibu. Aliyeshinda, kama kuna mshindi, ni mchongaji asiyetajwa jina, aliyeusoma moyo wa bwana wake na kuuacha wazi usoni pa jiwe.

Hata hivyo shairi hili lina upungufu mmoja ambao wanaolisifu, nami nikiwamo, huupita haraka. Linafika baada ya mambo kwisha. Mamlaka ya Ozymandias tunayaona yakiwa maiti, na waliovuta mawe, waliopigwa viboko, waliofia kwenye kazi zile anazojivunia, hawamo jangwani. Msomaji anaweza kuufunga ukurasa akiwa ameridhika kwamba kila dhalimu huanguka, na ridhaa hiyo haimsaidii aliye chini ya dhalimu ambaye bado hajaanguka.

Watchmen inafika wakati kazi ingali ikifanywa. Hadithi imewekwa katika Marekani ya kubuni ya mwaka 1985, ambako Richard Nixon bado ni rais, mashujaa wenye vinyago wamepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1977 isipokuwa wale wanaoitumikia serikali, na vita vya nyuklia na Urusi ya Kisovieti vinanukia. Veidt anaamua kuiokoa dunia kwa kubuni shambulio la uongo litakaloua mamilioni ya watu New York, ili mahasimu waungane dhidi ya adui asiyekuwapo. Wenzake wanapomfuata kumzuia, anawajibu kwa utulivu kwamba jambo hilo limekwisha kutendwa dakika 35 zilizopita. Hapo ndipo riwaya ya picha inapotumia chombo ambacho ushairi hauna. Kwa sura 11 kurasa nyingi zimegawanywa katika fremu tisa, safu tatu za fremu tatu, mpaka jicho limezoea mwendo huo kama sikio linavyozoea mizani. Sura ya 12 inafunguka kwa kurasa sita mfululizo ambazo kila mmoja ni picha moja, na picha hizo zimejaa maiti.

Tena maiti hao hawakuletwa pale ili kuongeza idadi. Katika sura zilizotangulia msomaji amepita mara kwa mara kwenye kona moja ya barabara, amemsikia mwuza magazeti akilalamikia siasa, na amemwona kijana akiketi kando yake kusoma kibonzo cha maharamia bila kukinunua. Mwishoni mwa sura ya 11 wawili hao, waliokuwa hawaelewani sana, wanakimbiliana na kukumbatiana huku weupe wa mlipuko ukiwala. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba mamlaka huwaponda wanyonge. Gibbons amemfanya msomaji awajue wanyonge hao kwa sura, mavazi na tabia kabla ya kuwapoteza. Jangwa la Shelley ni tupu, na utupu huo ndio hoja yake. Barabara ya Gibbons imejaa, na kujaa huko ndiko kunakomnyima msomaji nafasi ya kuridhika.

Msomaji mpya hushawishika kuziruka kurasa za maandishi matupu zilizo mwishoni mwa karibu kila sura, naye asifanye hivyo, hasa katika sura ya 10, ambako kuna barua za kibiashara za Veidt. Tajiri huyu anauza vinyago vya kuchezea vya mashujaa, yeye mwenyewe akiwamo, na anauza pia mafunzo ya kuijenga nafsi na mwili kwa njia yake. Farao alihitaji mawe na mchongaji ili uso wake udumu. Veidt anatumia kiwanda na tangazo, na wateja wanalipia. Sijaona mahali pengine ambapo mamlaka ya zama hizi yameelezwa kwa vitu vidogo namna hii. Mwishoni Veidt anamwuliza Daktari Manhattan, mwenye uwezo unaokaribia wa kiungu, kama hatimaye alifanya sawa, naye anajibiwa kwamba hakuna jambo lenye hatimaye. Aliyesoma soneti ataliona jangwa likija. Asiyeisoma atabaki na fumbo tu, na kwa sababu hiyo nashauri soneti isomwe kabla ya riwaya: itamchukua mtu dakika chache, na kurasa zipatazo 400 za Watchmen zitapata kina ambacho hazitakipata vinginevyo.

Kwa swali la mauti mizani inaelemea upande mwingine. Ushairi umekuwa ukilishughulikia tangu Mesopotamia ya kale, pale mfalme Gilgamesh alipofiwa na rafiki yake Enkidu, akaizunguka dunia kutafuta uhai usiokoma, akaupata mmea wa kurudisha ujana, kisha nyoka akamwibia alipokuwa anaoga. Lakini sina utungo wa kumpa mtu kwanza zaidi ya Al-Inkishafi, uliotungwa kwa makadirio mwanzoni mwa karne ya 19, miaka isiyopishana sana na ile ya soneti ya Shelley. Watunzi hawa hawakujuana, na kila mmoja aliyaendea magofu kwa njia yake. Shelley alimtazama mfalme wa mbali, wa kale, wa taifa lingine. Sayyid Abdalla alikuwa akitazama mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, ambao utajiri na nguvu zake zilikuwa zimeporomoka, na anayemwambia maneno yake ni moyo wake mwenyewe. Anauliza wako wapi waliokuwa wakitembea kwa majivuno, anawataja baadhi yao kwa majina, kisha anaingia majumbani mwao:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme.

Nyumba zilizokuwa ziking'aa kwa taa zimekuwa mahame, na juu wananing'inia watoto wa popo. Mistari inayofuata inasema hakusikiki hisi wala ukelele, na buibui wametanda juu ya vitanda. Kisha tunaonyeshwa madaka ya ukutani, yale yaliyopambwa kwa sahani za thamani, ambamo sasa wamelala makinda ya ndege. Kila kitu kilichotajwa kilikuwa na kazi yake, na kila kimoja kimepata mpangaji mpya asiyejua lolote kuhusu heshima ya nyumba. Mtunzi hamruhusu msomaji kumcheka aliyeanguka, kwa kuwa swali linarudi pale lilipoanzia, kwenye moyo unaojiona kuwa na muda. Umbo la utungo linasaidia: katika kila ubeti mistari mitatu ina kina kimoja, na wa nne unarudi kwenye kina kilekile cha utungo mzima, hivyo kila taswira mpya, hata iwe nzuri namna gani, inaishia mlango uleule.

Hadithi za picha, kwa upande wake, zimerithi ugonjwa kutoka kwa mama yao, yaani vibonzo vya kila mwezi vya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Superman aliyezaliwa kurasani mwaka 1938 aliuawa mwishoni mwa 1992 kwa kishindo kikubwa cha magazeti na televisheni, na mwaka 1993 akawa amekwisha rudi. Mhusika ni mali ya mchapishaji, na mali inayoleta fedha haizikwi. Hata The Dark Knight Returns ya Frank Miller, iliyotoka mwaka 1986 na kumwonyesha Batman akiwa na miaka 55, mwili umechakaa baada ya miaka kumi ya kustaafu, inaishia kwa kifo ambacho msomaji anagundua baadaye kuwa kilikuwa cha kuigiza. Uzee umechorwa vizuri sana katika kazi hiyo, mauti yamekwepwa.

Hapa Watchmen inanilazimisha kuilegeza hukumu yangu kidogo. Inaanza kwa kifo cha kweli, cha shujaa wa serikali anayetupwa kutoka dirishani, na kifo hicho hakitanguliwi hata siku moja na ahadi ya kufufuka. La maana zaidi ni sura ya 4, ambamo Daktari Manhattan amekaa peke yake katika sayari ya Mirihi akiwa na picha ya zamani mkononi. Kwake yeye wakati wote upo kwa pamoja: anaishika picha, anajua kwamba baada ya sekunde 12 ataidondosha mchangani, na katika fremu nyingine tayari imelala mchangani. Ukurasa wenye fremu unafaa kwa jambo hili kuliko ubeti, kwa kuwa jicho linaziona nyakati zote tatu kwa mara moja kabla ya kuzisoma kwa zamu. Kwa kumwonyesha asiyekufa, na namna anavyozidi kupoteza hamu ya wanadamu, riwaya inasema jambo zito kuhusu sisi tunaokufa. Bado nashikilia kwamba huko ni kuyatazama mauti kwa akili, na kwamba anayefiwa, au anayeanza kuuhesabu umri wake, atapata faida zaidi katika Al-Inkishafi.

Linabaki suala la shujaa, ambalo ndilo gumu zaidi. Utendi wa Fumo Liyongo unasimulia habari za jitu la nguvu, mshairi na mpiga upinde, ambaye mtawala wa Pate anamwogopa na kutaka kumwondoa. Kijumwa anamwelezea kuwa "mpana sana mrefu", na sifa hiyo haihitaji kipimo. Mchoraji yeyote atakayemchora Liyongo atalazimika kuamua anafika wapi mlangoni. Katika utendi urefu wake ni sawa na hofu ya anayesikiliza. Huu ndio uwezo wa ushairi juu ya shujaa, na ndiyo maana mashujaa wengi wa tenzi wakichorwa hupungua.

Lakini utendi huu haukomei kwenye sifa. Mtawala anamrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ndoa, mwana anamwuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumwua, na baba anamwambia ukweli: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwana anamchoma usingizini. Liyongo anaamka, anauchukua upinde, anatoka hadi karibu na kisima, anapiga goti, anatia mshale na kuuvuta, na katika hali hiyo anakata roho. Watu wanamwona ameinama tayari kupiga, wanakimbia, na mji unakosa maji kwa sababu ya maiti ambayo hakuna anayethubutu kuisogelea. Mama yake anaitwa kumbembeleza. Mwishowe mwili unaanguka, na ndipo wanapojua. Ushujaa, mamlaka na mauti vimekutana mahali pamoja, kisimani, na mtu aliyekufa amekuwa na amri juu ya mji kuliko mtawala aliye hai. Mwana naye hakupata alichoahidiwa.

Dhidi ya Liyongo naweka March, riwaya ya picha yenye majuzuu matatu yaliyotoka kati ya 2013 na 2016, iliyoandikwa na John Lewis pamoja na Andrew Aydin na kuchorwa na Nate Powell kwa nyeusi na nyeupe. Juzuu la tatu lilipata tuzo ya kitaifa ya vitabu ya Marekani mwaka 2016. Lewis alikuwa miongoni mwa viongozi wa maandamano ya kudai haki ya watu weusi kupiga kura, yaliyoshambuliwa na polisi kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965, naye akapasuliwa fuvu kwa rungu. Hapa picha inashinda bila ubishi, kwa sababu ushujaa wenyewe uko katika jambo ambalo mwili haufanyi: mtu anasimama, anaona rungu linakuja, na harudishi. Powell anaweza kuiweka fremu ya rungu lililoinuliwa na kumwacha msomaji akae nayo kadiri apendavyo kabla ya kugeuza ukurasa. Utendi, uliozoea kumsifu anayepiga, ungepata taabu kumsifu asiyepiga, japokuwa si haki kusema ushairi haujui kujisahihisha. Akile, shujaa wa Iliadi, utenzi wa kale wa Wayunani, alichagua umri mfupi wenye sifa. Katika Odisei, utenzi wa pili wa Wayunani hao, kivuli chake huko kuzimu kinamwambia shujaa Odiseo kwamba heri kuwa kibarua wa maskini duniani kuliko kuwatawala wafu wote.

Yako pia mambo ya kawaida ya kuzingatia. Shairi husomwa kwa sauti na kundi zima likashiriki katika kikao kimoja, wakati Watchmen inahitaji kila mtu awe na nakala yake na walau kikao kimoja kwa kila sura. Shairi likitafsiriwa hupoteza vina na mizani, na pengine nusu ya nguvu yake. Riwaya ya picha hupoteza maneno ila michoro inabaki ilivyo, hivyo msomaji wa lugha ya pili hataachwa nyuma sana. Al-Inkishafi imetungwa kwa Kiswahili cha kale cha kaskazini, na asiyekizoea atafute chapa yenye maelezo ya maneno magumu badala ya kubahatisha. Utendi wa Liyongo ni mwepesi zaidi, na mdundo wake wa mizani minane kwa kipande huwabeba hata wasioelewa kila neno.

Kwa wanafunzi wa sekondari ningechagua Liyongo na March kwa pamoja, utendi ukitangulia. Watchmen nisingewapa: ina mauaji ya kutisha na tukio la jaribio la ubakaji ambalo ni sehemu ya lazima ya hadithi, na mwalimu hawezi kuliruka bila kuharibu maana ya wahusika wawili au watatu. Hiyo ni kazi ya watu wazima, na mtu mzima mwenye muda wa kitabu kimoja tu kwa sasa, na ambaye linalomkera ni mamlaka, aichukue hiyo akiwa na soneti ya Shelley kwenye karatasi ndani ya jalada.